Bahasha ya Dawa Haisomeki Dubai

(Hotuba kwa wasafiri na familia zao, Mwanjelwa, Mbeya)

Wazee wangu, mama zangu, na ninyi vijana mliokuja kwa sababu mmesikia kuna chai: mugonile. Mliotoka Njombe na Iringa, kamwene.

Nimefanya kazi ya uuguzi miaka 33, na mingi kati ya hiyo nimeikalia karibu na dirisha la dawa. Wengine humu nawajua kwa kadi zenu kabla ya majina yenu, lakini msiogope, leo simtaji mtu. Ila yuko mzee mmoja nimekutana naye mlangoni, naye anajijua. Nimemwuliza, baba, safari ya wapi? Akasema Dubai, kufuata spea. Nikamwuliza anatumia dawa gani. Akanijibu, "Sista, mimi sina dawa. Nina vidonge tu vya mgongo."

Hayo maneno ndiyo yamenibadilishia hotuba. Nilikuwa nimepanga kuanza na chanjo. Sasa naanza na vidonge vya mgongo.

Mnajua tunavyopokea dawa. Kibahasha kidogo cha karatasi, juu yake mtu kaandika 1x2, au 2x3, kwa mwandiko tunaoujua sote. Ukifika nyumbani unaviita kwa rangi: cheupe cha asubuhi, cha njano cha presha, kile kikubwa kinachokwama kooni. Hapa Mbeya hilo halina shida. Ukirudi dirishani na kibahasha chako, nitakielewa, maana pengine nimekiandika mimi. Lakini kiweke kibahasha hicho mbele ya mkaguzi wa forodha asiyejua Kiswahili, saa 9 usiku, uwanja una maelfu ya watu. Anachokiona ni vidonge visivyo na jina, ndani ya karatasi isiyo na jina, mkononi mwa mtu anayesema "ni vya mgongo."

Na vya mgongo ndivyo vinavyonitia hofu kuliko vyote, kwa sababu kati ya dawa za maumivu zinazopendwa siku hizi kuna tramadol. Sisi tunaiona dawa ya kawaida. Kule Falme za Kiarabu, ambako ndiko Dubai iliko, ni dawa inayodhibitiwa: unatakiwa uwe umepata idhini ya Wizara ya Afya yao kabla ya kupanda ndege, pamoja na cheti cha daktari. Misri nako wanaibana vikali, na wapo wageni waliofungwa kwa kuingia nayo. Codeine, ambayo imo kwenye baadhi ya dawa za kikohozi na za maumivu, nayo imo kwenye kundi hilo. Diazepam, ile mnayoiita Valium, hali kadhalika. Na ukienda Japani, hata dawa ya mafua yenye pseudoephedrine nyingi hairuhusiwi.

Sisemi msitumie dawa mlizoandikiwa. Nasema mzijue kwa jina. Jina lenyewe ni lile la kitaalamu, siyo la kampuni. Jina la kampuni hubadilika ukivuka mpaka. Na wakati mwingine hata la kitaalamu lina lahaja zake: paracetamol yetu, Marekani wanaiita acetaminophen, salbutamol ya pumu wanaiita albuterol, glibenclamide ya sukari wanaiita glyburide. Dawa ni ileile, kama vile sisi tunavyosema viazi mviringo na mwingine anasema mbatata.

Basi ukishapanga safari, nenda kwa daktari wako mwezi mmoja kabla, siyo usiku wa kuamkia safari. Mwombe barua. Barua iwe na jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, na hapa niseme wazi, kama hospitali unaitwa Mama Neema na pasipoti inasema vingine, barua hiyo haikusaidii. Iwe na ugonjwa wako, majina ya dawa, kipimo, na mara ngapi kwa siku. Iandikwe kwa Kiingereza, iwe na mhuri na sahihi. Dawa zenyewe zibaki kwenye paketi zake za kiwandani. Kama ulipewa za kuhesabu kutoka kopo kubwa, mwombe mfamasia akufungie upya kwenye chupa yenye lebo iliyochapwa. Atanung'unika kidogo, lakini atafanya.

Sasa niwape aibu yangu mwenyewe. Mwaka tuliokwenda Uingereza kumwona binti yetu aliyejifungua, mimi muuguzi, mwenye kuwafundisha wengine, nilipanga mabegi kwa ustadi. Mchele wa Kyela, dagaa, vitenge vya mtoto. Dawa zetu mimi na mzee wangu nikazifunga vizuri kwenye mfuko wa nailoni, nikazisindika katikati ya vitenge zisivunjike, ndani ya begi kubwa. Begi likaingia kwenye buti ya ndege. Tulipobadilisha ndege njiani, sisi tukaendelea, begi likabaki. Lilitufikia siku ya nne.

Mimi dawa zangu nazijua. Mzee wangu, aliyekuwa amemeza vidonge vya presha miaka 11, alipoulizwa anatumia nini alisema, "Mke wangu ndiye anajua." Na mke wake alijua, lakini hakuwa na karatasi hata moja. Duka la dawa halikuweza kutuuzia bila cheti cha daktari wa kule. Tukatafutiwa daktari, tukalipa pesa ambayo sitaitaja mbele ya watoto, na siku hizo mbili za kusubiri presha yake ilipanda mpaka nikawa silali. Dagaa walifika salama. Mzee mpaka leo akitaka kunikomoa anauliza, "Dagaa wameshafika?"

Kwa hiyo dawa zote zikae kwenye begi la mkononi. Zote. Na nyingine kidogo za akiba zaidi ya siku za safari, walau wiki moja au mbili. Sisi wa Mbeya tuna sababu ya ziada. Uwanja wetu wa Songwe, tangu ulipofunguliwa mwaka 2012, mnaujua ukungu wake. Umeaga majirani, umefika Mbalizi, umefika uwanjani, na ndege inazunguka juu haioni pa kutua, au haikuondoka kabisa Dar. Ndege ya kimataifa uliyokuwa uiunganishe Dar haikusubiri. Safari ya siku 10 inakuwa ya siku 12 kabla hata hujaanza.

Wa sukari nikae nanyi kidogo. Insulini usiiweke kwenye buti hata kwa dakika moja, kwa sababu kule inaweza kuganda, na insulini iliyoganda imekufa. Hata ikiyeyuka ikaonekana safi, haifanyi kazi. Ambayo hujaifungua inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ambayo umeshaanza kuitumia, nyingi hukaa karibu wiki nne bila friji, mradi hazipati joto kali. Wengi wenu mnatumia chungu na mchanga wenye maji nyumbani, na chungu hicho kimeokoa watu wengi, lakini hakipandi ndege. Chukua chupa ya chai yenye mdomo mpana, au kimfuko cha ubaridi, na barafu isiguse chupa ya dawa moja kwa moja, weka kitambaa katikati. Sindano zinaruhusiwa ukiwa na barua. Ule mpango wa kuzuia vimiminika vinavyozidi mililita 100, ulioanza mwaka 2006, haukuwekwa kwa ajili ya dawa unazozihitaji. Lakini zitoe mwenyewe, ziweke juu ya meza, mwambie mkaguzi kabla hajazikuta.

Jambo moja zaidi la sukari, maana nimeliona likimwangusha mtu. Usichome sindano ya insulini ya kabla ya chakula kwa kuona kigari cha chakula kinaanza kusukumwa kule mbele. Hewa ikichafuka, kigari kinarudishwa, abiria wanafungwa mikanda, na wewe umeshachoma. Ngoja sahani ikae mbele yako. Na mfukoni uwe na pipi au biskuti, siyo kwenye begi lililo juu ya kichwa.

Habari ya saa nayo. Sisi tunahesabu saa kwa Kiswahili, na cheti cha daktari kinasema kwa Kizungu. Nimepata mama aliyekuwa China, simu yake imejibadilisha saa yenyewe, inasema 8, yeye anameza dawa ya saa 8 mchana wakati kule ni asubuhi. China wametutangulia saa 5. Uingereza wako nyuma yetu saa 2 au 3 kutegemea msimu. Kwa kidonge cha presha cha mara moja kwa siku, kuchelewa saa chache hakuna balaa. Ukifika, sogeza taratibu mpaka kiwe asubuhi ya huko. Usimeze viwili kufidia. Kwa insulini, dawa za kifafa na za kuzuia damu kuganda, mpango wa saa uandikiwe na daktari kabla hujaondoka, na safari ya kwenda mashariki ina hesabu yake, kwa kuwa siku inafupika, na ya magharibi inarefuka.

Sasa twende kwenye hewa. Watu hudhani ndani ya ndege hewa ni ya kawaida kwa kuwa milango imefungwa. Ndege inapaa mita 10,000 na zaidi, nje hakuna mtu anayeweza kuishi, basi hewa ya ndani inashindiliwa kwa mashine. Lakini haishindiliwi mpaka ifanane na ya Dar. Inaachwa iwe kama ya mlimani, kati ya mita 1,800 na 2,400 hivi. Mji wetu huu uko kwenye mita 1,700. Kitulo iko juu ya 2,500. Kwa hiyo mkiwa angani mko mahali fulani kati ya Mbeya mjini na Kitulo, mmekaa tu kwenye viti.

Kwa wengi wetu tulioishi huku hilo ni jambo dogo. Lakini mtu mwenye moyo ulioshindwa, mwenye mapafu mabovu, mwenye upungufu mkubwa wa damu, au mtoto wa selimundu, kwake siyo dogo. Ndugu yenu wa Kyela aliyezoea hewa ya ziwani, ambako ni chini ya mita 500, akipandishwa Isyonje anahema mpaka mnasimamisha gari, huyo msimkatie tiketi kabla daktari hajampima. Kipimo chepesi ni hiki: anaweza kutembea hatua 60 mfululizo, au kupanda ngazi za ghorofa moja, bila kusimama kutafuta pumzi? Kama hawezi, shirika la ndege lina fomu ya afya inayojazwa na daktari, na kama anahitaji oksijeni, inaombwa siku kadhaa kabla. Mtungi wa nyumbani haupandi hivi hivi.

Hewa ikipungua mgandamizo, inatanuka. Ndiyo maana mkipanda na basi kutoka Kyela, pakiti za krispi zinavimba na masikio yanaziba mkifika juu ya Tukuyu. Ndani ya mwili ni vilevile. Aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni, aliyewekewa gesi ndani ya jicho, aliyepata hewa kwenye kifua, hawa wasipande mpaka aliyewapasua aseme. Aliyewekewa plasta gumu la mfupa asubiri siku mbili kwa safari ndefu, mguu unavimba na plasta halisogei. Mwenye mafua makali asogeze safari akiweza. Kwa masikio ya kawaida, tafuna bigijii ndege inaposhuka, na mama mwenye mtoto mchanga amnyonyeshe wakati huohuo. Atakayelia asimwonee aibu, kilio nacho kinafungua masikio.

Kuna mazoea ya basi ambayo lazima niyaseme. Basi la Mbeya kwenda Dar, kilomita zaidi ya 800, kila mtu anajua dereva hasimami ovyo. Kwa hiyo wenye presha wanaruka kile kidonge cha kukojoza, na wengine hawanywi maji tangu jana yake. Nawaelewa, mimi mwenyewe nimefanya. Lakini ndege ina choo, tena zaidi ya kimoja. Ukavu wa hewa ya humo unazidi wa kiangazi chetu cha Septemba. Kunywa maji, isipokuwa kama daktari wa moyo amekupimia kiasi, basi fuata chake. Meza kidonge chako, omba kiti cha pembeni ya njia usimruke mtu.

Na ukae ukijua damu inaweza kuganda kwenye miguu kwa safari za zaidi ya saa 4 za kukaa bila kusogea, hata za basi. Wako kwenye hatari zaidi waliopasuliwa karibuni, wajawazito na waliojifungua juzi, wenye saratani, wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, na waliowahi kuganda damu. Inuka, tembea, chezesha vifundo vya miguu, kaza na kulegeza mashavu ya miguu. Daktari akikuandikia soksi za kubana, vaa. Usijipe aspirini mwenyewe kwa kuwa jirani alisema. Na ukifika, mguu mmoja ukavimba na kuuma, au kifua kikabana, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Wajawazito: mimba ya mtoto mmoja isiyo na matatizo, mashirika mengi yanakubali mpaka wiki ya 36, mapacha mpaka ya 32, na kuanzia wiki ya 28 watataka barua. Mengine kliniki.

Chanjo ya homa ya manjano, ile kadi ya njano, inaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa. Kwa hiyo ukichoma leo ukasafiri kesho, una kadi na bado huna. Tangu Julai 2016 inahesabika ya maisha, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka 10. Wanaokwenda Hija na Umra wanatakiwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, nayo siku zisizopungua 10 kabla ya kufika. Na kadi za kununua mtaani, wapo wanaoziuza na ninyi mnawajua kunizidi. Kadi ile hailindi damu yako, na ikikamatwa unarudishwa na ndege iliyokuleta.

Hili lifuatalo nalisema polepole. Wako kati yetu wanaotumia dawa za kila siku za CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU. Mikoa yetu hii haina haja ya kujifanya haijui. Najua mnachofanya: kopo linalia, kila ukitembea linasema cha, cha, cha, basi mnahamishia vidonge kwenye kopo la karanga, au mnavifunga kwenye leso. Nyumbani nawaelewa. Kwa safari, acheni kwenye kopo lake lenye lebo, jazeni pamba juu yake. Pamba inanyamazisha. Na mwambieni muuguzi wa CTC mapema kuwa mnasafiri, mpangiwe dawa za kutosha muda wote. Kwenu ninyi, barua si lazima itaje ugonjwa kwa herufi kubwa, inaweza kutaja dawa tu.

Na mzigo wa mtu. Utafika Dar, au hata hapahapa Songwe, atakuja mtu mwenye heshima zake: shangazi, nisaidie hizi dawa za mama yangu, mwanangu atakupokea. Pengine ni mlonge uliosagwa tu. Pengine siyo. Aliyekutwa nayo ni wewe, na China kusafirisha dawa za kulevya kuna hukumu ya kifo. Mkatalie hata akiwa mlokole mwenzio. Na unga wako mwenyewe wa mizizi, ule usio na lebo, uache nyumbani. Ukirudi utaukuta.

Mwisho, mkifika huko, hasa mnaotoka Kyela, Chunya au mliopitia Dar, homa ikiwashika ndani ya wiki za mwanzo, mwambieni daktari kabla hajauliza: nimetoka Tanzania, nipime malaria. Madaktari wa kule ni wazuri, lakini malaria hawaioni kila siku, na wanaanza kutafuta mafua.

Nimeambiwa chai imeiva. Kabla ya chai, hapa mezani nina karatasi na kalamu, na vijana wawili wa famasia wamekubali kunisaidia. Mwenye kibahasha mfukoni, au kwenye pochi, au picha ya kidonge kwenye simu, aje tumwandikie jina la dawa yake kwa herufi za kusomeka, kisha apeleke kwa daktari wake apate barua.

Baba wa Dubai, nimekuona unapapasa koti. Njoo uwe wa kwanza, tuone hivyo vya mgongo vinaitwaje.